Sheria ya Pombe na Uhuru wa Mwananchi

Hakuna sheria inayojadiliwa barazani kwa kelele nyingi kama sheria ya pombe. Serikali ikipandisha kodi ya bia, watu hulalamika. Ikiamuru vilabu vifungwe mapema, watu hulalamika. Ikiviacha wazi usiku kucha, hulalamika vile vile, ila safari hiyo wanaolalamika ni wengine. Mmoja husema, "Fedha ni yangu, koo ni langu, serikali yahusika nini?" Mwingine husema, "Serikali gani hii inayokaa kimya huku vijana wetu wanaangamia?" Wote wawili ni raia, wote wawili hulipa kodi, na wote wawili wana haki ya kupewa jibu la kueleweka.

Sisi twapenda kusema wazi tangu mwanzo jinsi tuonavyo. Serikali ya wananchi inayo haki, tena inao wajibu, wa kuiwekea pombe mipaka. Walakini mipaka hiyo itakuwa ya haki tu endapo itamkata mwenye nacho na asiye nacho sawasawa. Wahenga walisema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Msumeno ukatao upande mmoja tu, upande wa mnyonge, huo si msumeno wa sheria bali ni fimbo ya bwana mkubwa.

ZAMANI NA SASA

Wapo wasemao kwamba babu zetu walikunywa pombe bila ya sheria yoyote wala polisi, na nchi haikuharibika. Maneno hayo yana ukweli nusu. Ni kweli kwamba hapakuwa na polisi, lakini si kweli kwamba hapakuwa na sheria. Pombe ya zamani ilikuwa na msimu wake, na wenyewe, na mahali pake.

Mbege ya Wachaga haikupatikana kwa kupiga makofi. Ilibidi ndizi ziive, ulezi uoteshwe na kusagwa, na siku kadhaa zipite kabla ya mtungi kufunuliwa. Ulanzi wa Iringa hugemwa katika mianzi wakati wa mvua, na mvua ikikoma ulanzi nao huadimika. Rubisi ya Kagera, wanzuki ya asali, na tembo la mnazi huku pwani, kila moja ilikuwa na kazi yake: kuposa, kutambika, kumaliza ugomvi, kuwashukuru jirani waliosaidia kulima. Mzee alikunywa kwanza, na kijana alisubiri. Mtu aliyelewa ovyo alionywa na jamaa zake, na asiposikia alitengwa. Hiyo ilikuwa sheria, ijapokuwa haikuandikwa.

Sasa mambo yamegeuka. Watu wamehama vijiji na kukaa mijini ambako jirani hamjui jirani. Kijana wa miaka ishirini anapokea mshahara wake mwenyewe na haombi ruhusa kwa mjomba wala kwa shangazi. Bia ya kiwandani haingoji mavuno. Ipo Januari na ipo Juni, ipo saa mbili asubuhi na ipo saa nane za usiku. Pombe kali iliyopitishwa katika mitambo inaweza kumlaza mtu kwa muda ambao zamani usingetosha hata kumaliza kibuyu kimoja. Mzee aliyekuwa mlinzi wa mtungi ameondoka, na mahali pake pamekaa mwenye duka ambaye faida yake ni mtu anywe zaidi.

Hapo ndipo serikali inapoingia. Haiingii kwa kuwa inapenda kuchungulia vikombe vya watu, bali kwa kuwa mlinzi wa kwanza hayupo tena. Jamii inayobadilika haiwezi kuongozwa na desturi ambayo wenye kuisimamia wametoweka. Yapasa ipate kanuni mpya, na katika dola ya kisasa kanuni hiyo huitwa sheria.

UHURU WA NANI?

Turudi kwa yule asemaye kwamba koo ni lake. Sisi hatumdharau. Tumepigania uhuru wa nchi hii ili kila mtu awe mtu mzima katika nchi yake, na mtu mzima hachaguliwi chakula wala kinywaji. Nchi ambayo serikali yake humwamuru raia ale nini, avae nini na alale saa ngapi, hiyo imemgeuza raia kuwa mtoto wa bweni. Mtu aliyemaliza kazi yake, akawapa watoto wake riziki yao, kisha akaketi na rafiki zake kunywa chupa mbili na kurudi nyumbani kwa amani, huyo hana kesi na mtu. Dini yake yaweza kumkataza, na viongozi wa dini wana haki kamili ya kumhubiria. Lakini mahubiri ni kazi ya msikiti na kanisa. Kazi ya sheria ni nyingine.

Kazi ya sheria ni kuuliza: je, kikombe cha mtu huyu kimemwagika juu ya mtu mwingine? Dereva wa basi aliyelewa ana koo lake, lakini pia ana abiria sitini nyuma yake, nao hawakunywa. Baba anayemaliza mshahara wake kilabuni siku ya kwanza ya mwezi ana fedha yake, lakini mkewe na watoto wanayo haki katika fedha ile. Mwanamke anayepigwa usiku na mume mlevi hana uhuru wowote ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mbona watetezi wa uhuru wa mnywaji hawautaji uhuru wa mama huyu?

Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya mwaka 1977 imelieleza jambo hili vizuri. Imehesabu haki za mtu, kisha katika ibara ya 30 ikaweka wazi kwamba haki na uhuru wa mmoja visitumiwe kuvunja haki na uhuru wa wengine au maslahi ya umma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilitaja ulevi miongoni mwa mambo yanayopoteza nguvu za wanaume wa vijijini, huku wanawake wakiwa mashambani kutwa. Azimio halikusema mtu asinywe. Lilisema kwamba kuna watu wanaobeba mzigo wa wenzao wanaokunywa. Hilo ndilo suala la haki.

Wala ubaya wenyewe si wa kubuni. Shirika la Afya Duniani lilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2024 kwamba vifo vipatavyo milioni 2.6 vilivyotokea duniani katika mwaka 2019 vilisababishwa na pombe, na milioni 2 kati ya hivyo vilikuwa vya wanaume. Ukihesabu kwa kila watu 100,000, Ulaya na Afrika ndizo zilizokuwa na viwango vya juu kuliko sehemu nyingine. Nchi changa ambayo mali yake kubwa ni nguvu za watu wake haiwezi kuyatazama mambo hayo kwa kicheko.

TULICHORITHI KWA MKOLONI

Hata hivyo, haki ya serikali kutunga sheria si ruhusa ya kutunga sheria yoyote. Na sisi katika nchi hii tunajua vizuri sheria mbaya ya pombe ilivyo, kwa maana tumeishi chini yake.

Wakubwa wa Ulaya walipokutana Brussels, wakatoa mapatano ya mwaka 1890 juu ya kukomesha biashara ya watumwa, waliweka humo masharti ya kuzuia pombe kali isiuzwe ovyo katika sehemu kubwa ya Afrika. Mwaka 1919 huko Saint-Germain-en-Laye walikubaliana tena juu ya jambo hilo hilo. Waingereza walipokabidhiwa Tanganyika na Shirika la Mataifa, hati ya udhamini ya mwaka 1922 iliwaamuru kuidhibiti sana biashara ya pombe kali. Kwa maneno hayo mtu angeweza kudhani kwamba walikuwa wakitutakia afya njema.

Lakini tazama jinsi yalivyotekelezwa. Kwa muda mrefu wa utawala wa kikoloni Mwafrika alikatazwa pombe kali ya Kizungu, wakati bwana shauri aliyeandika hati ya kumkataza alikuwa na wiski mezani kwake. Kilichopimwa hakikuwa ukali wa kinywaji bali rangi ya mnywaji. Kana kwamba ini la Mzungu liliumbwa kwa chuma na ini la Mwafrika liliumbwa kwa karatasi!

Kisha ikaja hila ya pili. Nairobi, tangu miaka ya 1920, halmashauri ya mji ilijitwalia peke yake haki ya kupika na kuwauzia Waafrika pombe katika ukumbi wake wa Pumwani. Faida ilitumiwa kulipia huduma za Waafrika wenyewe, maana yake mji ulikwepa kuwahudumia kutoka katika mfuko wake mkuu. Mfano ulikuwa umetoka Durban, Afrika Kusini, ambako utaratibu huo ulianzishwa mwaka 1909. Wanawake waliokuwa wakipika pombe majumbani walisakwa, mitungi yao ikavunjwa, wakafungwa. Si kwa sababu pombe yao ilikuwa mbaya kuliko ya serikali, bali kwa sababu ilishindana nayo. Ndiyo maana mwezi Juni 1959 wanawake wa Cato Manor, huko Durban, waliinuka na kuvamia kumbi za pombe za manispaa.

Hayo ndiyo mafunzo ya kwanza tunayotaka yakumbukwe. Sheria ya pombe inaweza kuvaa joho la afya na maadili, na ndani ya joho hilo ikawa imeficha ubaguzi na uchumi wa wakubwa.

MSUMENO WA UPANDE MMOJA

Tulipopata Uhuru ubaguzi wa rangi uliondoka katika sheria. Bunge letu lilitunga Sheria ya Moshi ya mwaka 1966, ambayo haimruhusu mtu kutonesha moshi, yaani gongo, bila ya leseni. Mwaka 1968 likatunga Sheria ya Vileo inayomtaka kila muuzaji awe na leseni na afuate saa zilizowekwa. Sheria hizo hazimtaji Mwafrika wala Mzungu. Hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini rangi ikiondoka, kipato kinaweza kukalia kiti chake. Ni nani anayekamatwa na msako wa pombe? Ni mama wa mtaani aliyeketi chini ya mwembe na ndoo yake. Ni nani asiyekamatwa? Ni bwana aliyekaa katika hoteli yenye kiyoyozi, anayekunywa saa nne asubuhi siku ya kazi, na ambaye dereva wake anamngoja nje katika gari lililonunuliwa kwa fedha ya umma. Kilabu cha komoni kikikesha, diwani hupigiwa simu. Baa ya mwenye uwezo ikikesha na muziki wake ukitikisa vioo vya zahanati, watu huambiwa kwamba uwekezaji unataka uvumilivu.

Twasema haifai hata kidogo. Ikiwa saa za kazi ni saa za kazi, basi ziwe hivyo kwa mwenye ndala na kwa mwenye tai. Mwananchi hawezi kuiheshimu sheria ambayo anaona kwa macho yake ikitazama viatu vya mtu kabla ya kumshika. Akishaidharau sheria moja, ataidharau na ya pili na ya tatu.

MAMA WA MTUNGI

Sasa twafika katika sehemu ngumu ya shauri hili, na hatutaki kuiruka. Ukisema mama mpika pombe aachwe, utakuwa umemsaidia mama mmoja na pengine umemwumiza mwingine. Kwani ni kweli kwamba katika vijiji vyetu vingi pombe ndiyo biashara ambayo mwanamke asiye na shamba, asiye na mume au asiye na elimu anaweza kuianza kwa mtaji mdogo. Kwa mtungi huo watoto wengi wamesoma. Wapo leo walimu, madaktari na hata viongozi ambao daftari zao zilinunuliwa kwa fedha ya mbege au kangara. Asiyejua hayo haijui nchi hii.

Lakini ni kweli vile vile kwamba fedha iliyomsomesha mtoto wa mpikaji imetoka katika mfuko wa baba wa mtoto mwingine, ambaye pengine amelala bila chakula. Mtungi mmoja unajenga nyumba hii na kubomoa ile. Wanawake wawili wanaishi mtaa mmoja, mmoja anaomba kilabu kisifungwe na mwingine anaomba kifungwe leo hii, na wote wawili wanasema kweli.

Serikali haiwezi kulimaliza jambo hilo kwa kumvunjia mama wa kwanza mtungi wake. Akivunjiwa asubuhi, kabla ya jua kuzama atakuwa amekopa mwingine, kwa sababu ada ya shule haikuvunjika pamoja na mtungi. Tena sasa atapika kwa kujificha, kwa haraka, kwa maji ya mtoni, na atalazimika kumpa chochote askari asiye mwaminifu ili amfumbie macho. Wala mume wa mama wa pili hataacha kunywa. Atakunywa mahali pa siri zaidi na pa hatari zaidi.

WENZETU WALIYOYAONA

Marekani ilijaribu kuipiga marufuku pombe kabisa. Kuanzia Januari 1920 hadi Desemba 1933 katiba yao ilikataza kutengeneza na kuuza vileo. Ni kweli kwamba mwanzoni unywaji ulipungua. Lakini sheria ile iliruhusu mtu anywe nyumbani kwake kile alichokuwa amekinunua kabla haijaanza kutumika. Matajiri wakajaza maghala yao mapema wakaendelea kustarehe, na mfanyakazi akabaki na spiriti ya magendo iliyopofusha na kuua. Majambazi wa Chicago wakatajirika. Mwisho wa yote taifa lilirudi nyuma na kuifuta marufuku hiyo, ikiwa ni mara pekee ambayo badiliko la katiba yao limefutwa na badiliko jingine.

Jirani zetu wa Kenya wameonja uchungu wa jambo hilo kwa karibu zaidi. Mwaka 1980 walitunga sheria ya kuikataza chang'aa. Chang'aa haikwisha, iliingia gizani. Na katika giza hilo wafanyabiashara wasio na huruma walianza kuchanganya methanoli, spiriti ya viwandani ambayo mwilini hugeuka kuwa sumu inayoharibu mishipa ya macho na kuua. Mwezi Novemba 2000 zaidi ya watu 130 walikufa Nairobi kwa pombe ya namna hiyo, na wengine wakapofuka. Waliokufa hawakuwa wanywaji wa hoteli kubwa. Walikuwa watu wa vitongoji vya maskini.

Mwaka 2010 Kenya ikabadili mwendo. Sheria mpya, ambayo watu waliiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeileta, iliifuta marufuku ya chang'aa, ikaruhusu itengenezwe kwa leseni na kufungwa katika chupa za kioo zisizopungua mililita 250, na ikaamuru baa zifunguliwe saa 11 jioni siku za kazi na kufungwa saa 5 usiku. Lakini sheria nzuri isiyosimamiwa ni kama wavu uliotoboka. Mwezi Mei 2014 watu wengi walikufa tena kwa methanoli katika wilaya kadhaa. Na mwezi Februari 2024, katika jimbo la Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe ambayo ilielezwa kwamba ilitoka miongoni mwa vielelezo vilivyokuwa vikihifadhiwa katika kituo cha polisi. Fikiri, msomaji! Sumu iliyokwisha kukamatwa na sheria ikatoka mikononi mwa sheria na kuwaua watu.

Lakini tusije tukachukua fundisho nusu, tukasema kwamba kuzuia hakufai kabisa. Afrika Kusini ilizuia uuzaji wa pombe wakati wa maradhi ya korona, kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwisho wa Mei 2020, na tena kuanzia Julai. Watu walinunua mananasi wakajipikia majumbani, hilo ni kweli. Lakini madaktari wa hospitali waliona jambo jingine: majeruhi wa visu, wa vipigo na wa ajali walipungua sana, na pombe iliporudi nao wakarudi. Basi asituambie mtu kwamba sheria haina nguvu. Nguvu inayo. Linaloulizwa ni wapi iitumie.

VIROBA

Kwa maoni yetu, mfano mwema wa kuitumia nguvu hiyo mahali pake upo hapa kwetu. Watu hawajasahau viroba, ile mifuko midogo ya plastiki iliyojazwa pombe kali na kuuzwa kila mahali, stendi za mabasi, magengeni, hata karibu na mageti ya shule. Mwanafunzi aliweza kuificha katika soksi. Kijana wa bodaboda aliweza kuimaliza bila kushuka katika pikipiki. Tarehe 1 Machi 2017 serikali iliipiga marufuku kwa tangazo la Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa. Uganda nayo ikafuata njia hiyo mwaka 2019.

Uamuzi ule haukumkataza mtu mzima kunywa konyagi. Ulikataza namna ya kufunga na kuuza ambayo ilimfanya mtoto kuwa mteja. Haukumfuata mnywaji chumbani kwake, ulimfuata mtengenezaji kiwandani kwake. Hapo uhuru wa mtu mzima ulibaki na ulinzi wa mtoto ukapatikana. Hata hivyo wafanyabiashara walilalamika kwamba walipewa muda mchache mno wa kumaliza mali iliyokuwa maghalani, na malalamiko hayo yalikuwa na haki ndani yake. Na baadaye chupa ndogo ndogo zilianza kuchukua nafasi ya mifuko, jambo linaloonyesha kwamba mwenye faida halali usingizi. Serikali nayo isilale.

KODI NA DHAMIRI

Lipo neno jingine ambalo husemwa kwa sauti ya chini, nasi twapenda kulisema kwa sauti ya kawaida. Kila mwezi Juni bajeti inaposomwa, bia na sigara havikosi kutajwa. Kodi ya vileo ni fungu kubwa katika hazina ya serikali nyingi za Afrika. Kwa hiyo serikali ina mikono miwili: mmoja unamwonya mwananchi asinywe, na wa pili unapokea sehemu yake kila anapokunywa.

Hatusemi kodi hiyo iondolewe. Kodi ni mpaka mzuri, kwani hauhitaji polisi wala hauvunji mtungi wa mtu. Lakini ina hatari mbili. Ikipanda kupita kiasi, maskini haachi kunywa, ila huihama bia iliyopimwa na kukimbilia gongo isiyopimwa. Na serikali ikiizoea mno fedha hiyo, itasita kuchukua hatua yoyote itakayopunguza mauzo ya viwanda vikubwa, huku ikiendelea kuonyesha ushujaa wake juu ya vilabu vidogo visivyo na faida kwa hazina. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Na mwenye kiwanda akibembelezwa na wakubwa huiona sheria kuwa yake.

TUNAYOSHAURI

Kwanza, saa za kuuza pombe na adhabu za kuzivunja ziwe na uzito mmoja kwa kilabu cha mtaa na kwa baa ya kifahari. Likitolewa tangazo la msako, lianzie mahali ambapo wakubwa hunywa. Wananchi wakiona hivyo, nusu ya kazi itakuwa imekwisha.

Pili, ukali wa sheria uelekezwe kwa tendo linalomdhuru mwingine. Dereva mlevi asionewe haya, awe wa lori au wa gari la serikali. Mwenye kumwuzia mtoto pombe, jambo ambalo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imelikataza, anyang'anywe leseni. Mwenye kumpiga mkewe asijitetee kwa ulevi. Kulewa kwake ni kosa la pili, si udhuru wa kosa la kwanza.

Tatu, pombe za kienyeji zitolewe gizani. Halmashauri ziwape wapikaji mahali safi, maji safi na ukaguzi wa afya, kwa ada ambayo mama wa kawaida anaiweza. Wapikaji wajiunge katika ushirika wao, wawe na uwezo wa kununua vyombo bora na kumkataa mchuuzi wa spiriti. Pombe iliyo kwenye mwanga hupimika, na iliyo gizani huua.

Nne, sehemu ya kodi ya vileo itengwe wazi wazi kwa ajili ya kuwatibu walioshikwa na pombe. Mtu aliyefikia hatua ya kutetemeka asubuhi mpaka apate kikombe si mhalifu, ni mgonjwa. Serikali iliyopokea fedha yake alipokuwa mzima isimkimbie anapokuwa mgonjwa.

Tano, wananchi waulizwe. Jambo linalogusa harusi zao, matanga yao, riziki yao na usingizi wao lisiamuliwe kwa tangazo la ghafla. Mkutano wa kijiji upo. Wanawake wa kijiji, yule anayepika na yule anayelia, waketi katika mkutano huo mmoja na kusema saa ambazo kilabu chao kitafunguliwa. Babu zetu walikuwa na baraza la kulinda mtungi. Sisi nasi tunaweza kuwa na letu.

Uhuru tuliopigania haukuwa uhuru wa kulewa, na wala haukuwa uhuru wa serikali kumfokea mtu mzima kama mtoto. Ulikuwa uhuru wa kujitungia sheria sisi wenyewe na kuzitii sote. Mkoloni alitukataza kile alichokuwa akikinywa yeye. Serikali yetu isikubali hata siku moja kufanana naye katika jambo hilo. Bwana mkubwa akifungiwa baa saa ile ile anayofungiwa mchukuzi wa sokoni, mchukuzi atakwenda kulala bila manung'uniko.